Kama hakuna muumini mwenzako anayejua unadaiwa kiasi gani, huo ni ushirika au mahudhurio?

Mshumaa (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Naweka hoja hii na nitaisimamia. Kila kanisa linajiita familia. Tunaitana ndugu, tunapeana mikono, tunaombeana kwa jumla jumla, tunatawanyika. Halafu mtu anaachishwa kazi, anauza vyombo vya ndani kimoja kimoja, anahama nyumba kimya kimya, na yule aliyekuwa akikaa naye benchi moja anapata habari mambo yameshaisha. Ukimuuliza anasema, "Mbona hakusema?" Hakusema kwa sababu hapakuwa na pa kusemea.

Matendo 2:42 inataja mambo manne waliyodumu nayo waumini wa kwanza: fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Aya tatu mbele Luka, mwandishi wa Matendo, anaonyesha ushirika huo ulikuwaje: watu wanauza mali na kugawiana kila mtu kwa kadiri ya haja yake. Sura ya 4 inarudia jambo hilohilo na kusema hapakuwa na mhitaji kati yao. Kwangu hicho ndicho kipimo.

Kwa hiyo: kama kati ya watu unaosali nao hakuna hata mmoja anayejua deni lako, au anayejua mgonjwa wako wa nyumbani dawa zimemwishia lini, ushirika bado haujaanza. Mnahudhuria tu. Mnasemaje?

Gogo la Mzeituni
Mkuu, umeishia sura ya 4 kwa makusudi? Geuza ukurasa. Sura ya 5 Petro anamwambia Anania waziwazi kwamba kiwanja kilikuwa chake kabla hajakiuza, na hata baada ya kukiuza fedha ilikuwa mikononi mwake. Kosa lake na mkewe Safira lilikuwa kudanganya, si kubakiza. Kisha nenda 12:12. Mariamu mama yake Yohana Marko bado ana nyumba, tena ya kutosha watu wengi kukusanyika kuomba, na ana kijakazi, Roda, wa kuitikia mlango. Kwa hiyo hakuna sheria ya kukabidhi kila kitu. Ilikuwa hiari, tena kwa awamu.

Mshumaa
Gogo, sijasema watu wauze nyumba. Nyumba ya Mariamu unayoitaja ndiyo Petro aliyoikimbilia usiku alipotoka gerezani, bila kujiuliza ataelekea wapi. Hati ilikuwa ya Mariamu, mlango ulikuwa wa wote. Mimi nadai huo mlango.

Kalamu Nyeusi
Tuseme ukweli jamani, mfumo ule wa Yerusalemu ulishindwa. Waliuza viwanja, wakala mtaji, miaka michache baadaye Paulo anazunguka kuwachangishia "watakatifu maskini walioko Yerusalemu" (Warumi 15:26). Luka ametupa picha nzuri ya mwanzo, Paulo ametuonyesha hesabu ya mwisho. Ushirika wa mali huzaa umaskini wa pamoja.

Mwana wa Barnaba
Kalamu Nyeusi hapo umekwenda mbio. Matendo 11:28 inataja njaa kubwa iliyotokea siku za Klaudio, na Klaudio alitawala kati ya mwaka 41 na 54. Antiokia walipeleka msaada kwa sababu ya njaa hiyo. Ongeza na mateso: 8:1 inasema kanisa la Yerusalemu lilitawanywa. Watu wakikimbia wanaacha kazi na wateja nyuma. Sasa utajuaje kwamba umaskini ule ulitokana na kuuza viwanja, wala si njaa na kufukuzwa? Luka mwenyewe hasemi.

Na ule mchango wa Paulo usiuchukulie kama ushahidi wa kushindwa. Soma 2 Wakorintho 8:13-14. Anasema hataki wengine wastarehe nao Wakorintho waumie, anataka usawa: leo kilichozidi kwenu kiwafae wao, kesho cha kwao kiwafae ninyi. Mtu anayeona mfumo umeshindwa hauenezi mpaka Makedonia.

Kalamu Nyeusi
Luka hasemi njaa ndiyo sababu pekee pia. Mtaji ukiliwa, njaa ya kwanza inakukuta huna kitu. Nabaki na hoja yangu.

Binti Lidia
Naona kaka zangu mmeng'ang'ania fedha. Mimi naona ushirika unaanza mezani, na unafia mezani. 1 Wakorintho 11:21: kila mmoja anatangulia kula chakula chake, huyu ana njaa na huyu amelewa. Paulo hakuwapongeza kwamba angalau wamekusanyika. Aliwaambia kukusanyika kwao si kwa faida bali kwa hasara! Fikirini mnavyoweza kuwa na ibada, mkate na kikombe, kila kitu kiko mahali pake, halafu mtume anawaambia hicho si chakula cha Bwana.

Walioathirika pale ni waliochelewa. Wengi wanaona walikuwa watumwa na vibarua wasiojipangia saa za kutoka kazini. Kwa hiyo dawa ya Paulo ni ndogo mno ukiisoma: "mngojane". Hakuanza na hazina ya kanisa. Alianza na kusubiri.

Mpita Njia
Dada umenena. "Mngojane" ningeibandika juu ya mlango wa kanisa.

Mtawa wa Zamani
Amani kwenu. Nimewahi kuishi utawani kabla ya kurudi uraiani, basi niongeze la kwetu.

Mnaongea kana kwamba maisha ya pamoja ni jambo la sura mbili za Matendo. Pakomi, Mmisri, alichukuliwa jeshini akiwa kijana na bado mpagani. Walifungiwa pamoja kule Thebe kama wafungwa, na watu wasiowajua wakaja na chakula. Akauliza ni akina nani, akaambiwa ni Wakristo. Alipotoka jeshini akabatizwa, na mnamo mwaka 320 hivi akaanzisha kule Tabenisi jumuiya ya watawa wanaofanya kazi, wanaokula na kusali pamoja. Kabla yake wengi walikwenda jangwani kila mtu na pango lake. Yeye alivutwa na sahani ya chakula iliyoletwa na mgeni, akajenga maisha mazima juu yake.

Karne ya 6 Benedikto akaandika kanuni yake ya maisha ya utawa. Sura ya 33 inamkataza mtawa kuwa na kitu cha binafsi: si kitabu, si kibao cha kuandikia, si kalamu. Watu wengi huishia hapo wakatishika. Sura ya 34 ndiyo yenye hekima. Inasema wote wasipewe sawa, kila mtu apewe anachohitaji. Anayehitaji kidogo amshukuru Mungu wala asihuzunike, anayehitaji zaidi anyenyekee kwa udhaifu wake wala asijione bora kwa huruma aliyopewa. Nimeona ndugu mzee anapewa blanketi la pili na kijana wa pembeni anatetemeka, na kijana yule anajifunza kutomwonea kijicho. Hilo ni gumu kuliko kutoa kalamu.

Mleta mada, deni langu kule lilijulikana maana sikuruhusiwa kuwa nalo. Lakini upweke haukuisha kwa hilo peke yake.

Sauti ya Tatu
Samahani Mtawa, sentensi yako ya mwisho usituachie hewani. Upweke haukuisha kivipi?

Mtawa wa Zamani
Unaweza kula meza moja na mtu miaka na miaka na usijue anaogopa nini. Kimya cha watawa kinaponya, na pia kinaficha. Kuna ndugu aliyekuwa anapitia giza zito la imani, akiimba zaburi pembeni yangu kila alfajiri kwa sauti nzuri kabisa. Tulikuja kujua siku aliyoondoka. Vitu vyote vilikuwa vya shirika isipokuwa lile giza.

Mama Tulivu
Hapo ndipo nilipotaka kuingia. Mshumaa anasema deni la fedha. Mimi nasema deni lililo gumu kulitaja ni dhambi. Yakobo 5:16 inatuambia tuungamiane na kuombeana. Watu wanaweza kutangaza kwamba hawana kodi ya nyumba, lakini nani atasimama aseme "nimekuwa nikimpiga mwanangu nikiwa na hasira, nisaidieni niache"? Mpaka sentensi kama hiyo iweze kutamkwa na asisikike mtu akiisambaza, tuna chama cha kusaidiana. Chama ni kizuri, nipo kwenye viwili. Ila ushirika ni zaidi.

Dietrich Bonhoeffer, yule mchungaji Mjerumani aliyenyongwa na wanazi mwaka 1945, aliongoza seminari ndogo ya siri kule Finkenwalde kuanzia 1935 mpaka Gestapo, polisi wa siri wa wanazi, walipoifunga 1937. Kati ya kanuni chache alizoziweka pale ilikuwamo hii: usimzungumzie ndugu yako akiwa hayupo, na ikikutokea umefanya hivyo, nenda ukamwambie. Jaribuni kanuni hiyo wiki nzima katika kikundi chochote cha maombi muone kitakachobaki cha kuzungumza.

Mpita Njia
Mama, kwa kanuni hiyo kwaya nyingi zitabaki na nyimbo tu.

Mwana wa Barnaba
😂 Mpita Njia acha kwaya zipumzike. Lakini naipenda hiyo kanuni. Nyongeza moja kwa Mama Tulivu: kuungama kwa kila mtu ni hatari. Yakobo anasema ninyi kwa ninyi, hasemi mbele ya mkutano wote. Nimeona dada mmoja alishuhudia habari za ndoa yake kwenye kikundi, kabla ya wiki kwisha ilikuwa imefika kwa wakwe. Hajarudi kwenye kikundi chochote tena. Wana Methodisti wa mwanzo walifanya kwa vikundi vidogo sana, watu wachache wanaoaminiana.

Gogo la Mzeituni
Umenikumbusha jambo litakalomfurahisha mleta mada. Yale madarasa ya Wamethodisti, yaani vikundi vyao vidogo, yalianza kwa deni! Mwaka 1742 jamii yao ya Bristol, Uingereza, ilikuwa inadaiwa kwa ajili ya jengo lao la ibada. Mmoja wao akapendekeza kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Wakasema kuna maskini hawawezi. Akajibu, wekeni kumi na mmoja chini yangu, nitawapitia kila wiki, asiyeweza nitamjazia. Ikawa hivyo. Sasa wakusanyaji walipopita nyumba kwa nyumba walikuta mambo: mmoja anagombana na mkewe, mwingine amelewa. Wakamwambia John Wesley, kiongozi wao, naye akaona papo hapo kwamba hiki ndicho alichokuwa anakitafuta kwa muda mrefu: watu wa kuchunga roho za wenzao. Baadaye wakaacha kupita nyumbani, wakawa wanakutana pamoja kila wiki kwa vikundi vya watu kama kumi na wawili.

Kwa hiyo Mshumaa na Mama Tulivu, pale Bristol peni ndiyo iliyofungua mlango, na dhambi ikaonekana.

Mshumaa
Gogo, Mungu akubariki kwa hilo. Na mimi nina la kuongeza upande wa deni. Waraka kwa Filemoni. Paulo anamrudisha Onesimo kwa bwana wake, anamwita ndugu mpendwa, kisha anasema kama ana deni lolote liandikwe juu yake, na anaandika kwa mkono wake mwenyewe: mimi nitalipa. Waraka ule una sura moja tu, na deni limepata nafasi humo. Ndiyo maana siwezi kukubali tunapoambiwa ushirika ni mambo ya rohoni tu.

Chembe ya Haradali
Natoa kisa changu, msinihukumu haraka. Niliishi katika jumuiya iliyotekeleza Matendo 4 kama ilivyo. Mishahara yote kapu moja. Mwanzoni ilikuwa raha isiyoelezeka, hakuna aliyelala na hofu ya kesho. Baadaye kiongozi akawa ndiye anayeamua nani anunue viatu, nani aende kumsalimia mama yake mgonjwa, hatimaye nani amwoe nani. Ukiuliza hesabu unaambiwa una roho ya Anania. Nilitoka bila akiba, bila cheti cha kazi, na watu niliowaita ndugu walikatazwa kunisalimia barabarani.

Mshumaa, wao walijua deni langu mpaka senti ya mwisho. Walijua na dhambi zangu zote, Mama Tulivu, maana tuliungama kila juma. Na yote mawili yalitumika kunishikilia. Nani alikuwa anajua madeni ya kiongozi? Hakuna.

Mama Tulivu
Pole sana mwanangu. Pole. Hilo swali lako la mwisho ni zito.

Kalamu Nyeusi
Chembe, pole. Na ndiyo sababu nasema haya mambo yana kikomo. Dunia ilishaona mwisho wake kule Jonestown, Guyana, Novemba 1978, watu zaidi ya 900 walikufa kwa amri ya mtu mmoja waliyemkabidhi mali na watoto.

Mwana wa Barnaba
Jonestown isiwekwe kapu moja na kila jumuiya. Wahutteri, kundi la Wakristo, walianza kushirikiana mali mwaka 1528. Walifukuzwa Nikolsburg kule Moravia, njiani wakatandika nguo chini kila mtu akaweka alichonacho. Jakob Hutter, wanayeitwa kwa jina lake, alichomwa moto Innsbruck mwaka 1536. Wamepigwa, wamehamishwa nchi baada ya nchi, na leo wapo makumi ya elfu Kanada na Marekani, bado wana mfuko mmoja. Wanachagua viongozi wao kwa kura za watu na kwa kupiga kura ya bahati mbele za Mungu, na koloni likikua sana linagawanywa liwe mawili. Ukubwa wenyewe unadhibitiwa.

Chembe ya Haradali
Nashukuru kwa kunifahamisha. Ila mtoto aliyezaliwa humo hakuchagua, na akitaka kutoka anatoka na nini? Kwangu hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza jumuiya yoyote: mtu akiondoka mnamfanyaje?

Mtawa wa Zamani
Chembe, mimi nilipoondoka nilipewa nauli, nguo na barua nzuri, na abati, mkuu wetu wa utawani, alinisindikiza mpaka getini. Kanuni ya Benedikto inataka mtawa anayetoka apewe nguo zake alizokuja nazo, zilizotunzwa. Naamini Benedikto alijua ipo siku mtu ataondoka, na hakutaka aondoke uchi.

Sauti ya Tatu
Tumesahau wajane wa Matendo 6. Hata kanisa lenye mitume kumi na wawili hai lilisahau watu! Waliosahauliwa ni wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani wa lugha ya pili. Na angalieni wale saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote majina ya Kiyunani. Mgao ukawekwa mikononi mwa watu wa upande ulioonewa. Chembe, naona pale ndipo kuna jibu lako kuhusu nani amsimamie nani.

Na wapenzi wa ushirika usio na utaratibu wasome 1 Timotheo 5. Kulikuwa na orodha ya wajane: umri usiopungua miaka 60, ameshuhudiwa kwa matendo mema, na wenye watoto au wajukuu watunzwe kwanza na jamaa zao ili kanisa lisilemewe. Upendo wao ulikuwa na daftari.

Nuru Dirishani
Naomba na mimi niingie, nafuatilia kimya tangu mwanzo. Nina maradhi yanayonifungia ndani. Ibada naifuata kwa simu. Nikisoma Waebrania 10:25 ikinukuliwa kwamba tusiache kukusanyika, naumia, maana sijaacha, nimezuiwa. Je, mimi nina ushirika au sina? Mezani kwa Binti Lidia siwezi kufika. Benchi la Mshumaa sikai.

Gogo la Mzeituni
Nuru, Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa amefungwa, na akasema wao peke yao ndio walioshirikiana naye katika kutoa na kupokea (4:15). Alikuwa mbali nao. Epafrodito ndiye aliyebeba. Kwa hiyo umbali hauvunji.

Binti Lidia
Naomba nitofautiane kidogo na Gogo. Umbali hauvunji, lakini mitume wenyewe hawakuridhika nao. 2 Yohana aya ya 12 mwandishi anasema ana mengi ya kuandika lakini hapendi kwa karatasi na wino, anataraji kuja na kuzungumza mdomo kwa mdomo. Simu ni karatasi na wino yetu. Kwa hiyo Nuru, kosa haliko kwako. Justin Shahidi, karne ya 2 kule Roma, anaeleza ibada ya siku ya Jua: baada ya shukrani kila mmoja hupokea sehemu yake, na wasiokuwepo hupelekewa na mashemasi. Hao ndio walioinuka wakaenda. Katika kanisa lako nani anayekuja kwako?

Nuru Dirishani
Anakuja mmoja. Mzee wa makamo, si mchungaji wala shemasi. Hasemi mengi. Anafika, anafungua dirisha, ananisomea zaburi, anauliza dawa zimebaki ngapi, anaziangalia mwenyewe kwenye kopo.

Mshumaa
Anaziangalia kwenye kopo!

Kalamu Nyeusi
Sasa huyo ni mtu mmoja mwenye moyo mzuri. Hakuna jumuiya hapo. Siku akiugua yeye, Nuru atafanyaje? Mnajenga fundisho juu ya mzee mmoja.

Mama Tulivu
Kalamu, hapo una haki ya kuuliza. Ndiyo maana ya vikundi: asibebe mmoja. Wagalatia 6:2 mchukuliane mizigo, na aya tatu mbele kila mtu na wake. Zote mbili zipo kwenye sura moja na sijasikia zikihubiriwa kwa pamoja.

Mpita Njia
Niulize la vitendo, maana nyuzi za namna hii huishia kwenye aya. Kikundi chetu kina mtu ambaye huwa wa kwanza kutoa kila mwenzake akipatwa na jambo. Sasa yeye ndiye kapatwa, tunajua, kila mtu anaona, na hataki kupokea. Tukipeleka anarudisha kwa adabu, anasema wapo wenye shida zaidi. Tunamfanyaje?

Chembe ya Haradali
Msimlazimishe. Mwacheni aamue mwenyewe. Kulazimishwa wema nimekuonja.

Mwana wa Barnaba
Sikubaliani na Chembe safari hii. Petro naye alisema "hutanitawadha miguu kamwe" akajibiwa kwamba basi hana shirika na Bwana. Anayetoa tu bila kukubali kupokea anabaki juu ya wenzake hata kama hakusudii. Mwambieni hivyo, kwa upole.

Chembe ya Haradali
Petro aliambiwa, na akaachiwa achague. Miguu aliitoa mwenyewe.

Mtawa wa Zamani
Mpita Njia, ana kazi gani mtu huyo? Mikono yake inajua kufanya nini? Niambie kabla sijajibu.

Mpita Njia
Ni fundi seremala, mkuu. Mzuri sana. Kwa nini?